Nilizima Gari Mteremkoni

Petroli ilipovuka shilingi elfu tatu kwa lita nilianza kuwa mtu mwingine, na mke wangu ndiye aliyeligundua jambo hilo kwanza. Bei mpya hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo nilikuwa naamka na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, natelezesha orodha ya mikoa kwa kidole hadi nifike kwetu Simiyu. Bei ya Dar es Salaam haikunihusu. Mafuta yanashushwa melini kule, yanapakiwa kwenye lori, na mpaka yafike Bariadi yameshabeba gharama ya safari nzima.

"Imeshuka?" mke wangu aliuliza kutoka jikoni.

Nikinyamaza, alijua.

Yeye ni muuguzi hapa mjini, ndiyo maana tunaishi Bariadi. Mimi nafundisha fizikia katika sekondari iliyoko upande wa Lagangabilili. Kila siku ya shule nilikuwa naenda asubuhi na kurudi jioni kwa gari langu, Corolla ya zamani ya gia za mkono, na nilikuwa na abiria wawili wa kudumu tuliokuwa tunachangia nao mafuta. Mbele alikaa mwalimu wa jiografia, ambaye wote tulimwita Madam. Nyuma alikaa mtunza stoo wa shule, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, ambaye alisinzia kabla hatujatoka mjini na kuamka tunapoingia getini.

Nilianza kubana mafuta kwa njia za kawaida. Nilijaza upepo kwenye matairi kila Jumapili jioni. Niling'oa keria ya juu iliyokuwa haijabeba kitu tangu tulipohama nyumba. Nikafungua buti nikatoa jeki ya pili, mfuko wa saruji ulioganda, na magunia mawili ya vitabu chakavu. Nilisafisha chujio la hewa mwenyewe. Nilipanda gia mapema, sikukimbiza gari, na safari za mjini nikazikusanya ziwe moja: sokoni, kanisani, kwa kinyozi, kwa mzunguko mmoja, hata kama kinyozi hajafungua.

Njia hizo zilisaidia kweli. Kosa langu ni kwamba zilinifanya nijione mjanja. Katika ofisi ya walimu nikawa msemaji wa mambo ya mafuta. Mwenzangu akilalamika kwamba gari lake linakunywa, nilimuuliza maswali kama daktari. Fundi wangu, kijana mtulivu mwenye gereji karibu na soko, aliniambia neno moja tu nilipomwomba siri ya mwisho. "Mguu mwepesi, mwalimu. Hayo mengine ni mbwembwe."

Sikuridhika na mguu mwepesi. Katika njia yetu, ukikaribia kijiji kimoja kabla ya Lagangabilili, kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja dogo la kijito. Siku moja nikiwa juu ya mteremko huo nilitoa gia, nikarudisha ufunguo nyuma kidogo, injini ikazima. Gari likaendelea kushuka lenyewe. Kukawa kimya. Nilisikia matairi yakisaga changarawe na ndege mashambani. Karibu na daraja nikawasha, tukapanda upande wa pili.

"Mwalimu, gari limezimika?" Madam aliuliza.

"Nimelizima. Tumeshuka bure."

Alicheka siku ile. Nikaifanya kazi ya kila siku. Wiki ya pili hakucheka tena. "Mimi kimya hiki sikipendi," alisema, akishika kishikio cha mlango.

Ninapaswa kusema hapa jambo ambalo sikulisema kwa muda mrefu. Sikuwa mtu asiyejua. Breki za gari zinasaidiwa na injini. Injini inapofanya kazi, inanyonya hewa, na mnyonyo huo ndio unaoupa mguu wa dereva nguvu ya kusimamisha chuma kizito. Ukizima injini unabaki na akiba ya kukanyaga mara moja, pengine mbili. Baada ya hapo unakanyaga kwa nguvu zako mwenyewe. Niliyajua haya yote. Nilikuwa nimewachorea kidato cha tatu mchoro wake ubaoni, kwa chaki za rangi.

Ilikuwa mwanzo wa msimu wa kulima. Mvua mbili tatu zilikuwa zimeshanyesha, na tangu alfajiri watu walikuwa mashambani na ng'ombe wao. Tulifika juu ya mteremko kama saa moja asubuhi. Nilizima. Katikati kulikuwa na korongo dogo lililochimbwa na maji ya mvua ya jana yake, nikakanyaga breki. Mbele kidogo mbuzi wawili walivuka, nikakanyaga tena. Kisha njia ikapinda, na nyuma ya kichaka, hatua chache mbele yangu, alikuwa mwanamke anavuka barabara akiongoza maksai wawili waliofungwa nira, plau ikiburutwa ubavu nyuma yao.

Nilikanyaga. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta breki ya mkono, gari likakaa upande na kuendelea kuteleza. Madam alipiga kelele. Mwanamke aligeuka, na nakumbuka uso wake haukuwa na hofu kwanza, ulikuwa na mshangao, kama mtu aliyeguswa begani akidhani yuko peke yake. Akaruka. Tulimgonga maksai wa upande wetu miguu ya nyuma. Alianguka, na kwa sababu ya nira akamwangusha mwenzake juu yake.

Sisi hatukuumia. Mzee wa stoo alijigonga paji la uso kwenye kiti, akaamka akiuliza kama tumefika. Taa moja ilikuwa imevunjika, boneti imekunjamana, maji ya rejeta yanamwagika barabarani. Mwanamke alikuwa ameshapiga magoti kati ya wale ng'ombe, anakata kamba za nira kwa panga. Maksai mmoja alipopata nafasi alisimama akitetemeka. Wa pili alijaribu mara mbili, akalala.

Watu wakaja kutoka mashambani. Walimchinja yule maksai palepale kandokando ya barabara kabla hajafa mwenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji alifika kwa baiskeli, suruali imekunjwa, matope miguuni, maana naye alikuwa analima. Aliangalia alama za matairi, akaangalia gari, akamwuliza mwanamke ilikuwaje.

Mwanamke huyo alikuwa mjane, umri wake kama wa dada yangu mkubwa, hamsini na kitu. Hakumjibu mwenyekiti. Alikuja mbele yangu akapiga goti, kama mama zetu wanavyofanya wanaposalimia.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nilisimama kabla ya kuvuka. Nilisikiliza. Sikusikia gari."

"Hukusikia gari?" mtu mmoja alisema nyuma. "Gari lote hili?"

"Sikusikia. Labda masikio yangu yamezeeka."

Watu wakaguna. Mwingine akasema kwa Kisukuma kwamba mtu asiyesikia haongozi ng'ombe barabarani. Madam aligeuza kichwa akaniangalia.  Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu, nilikuwa nimezima gari. Yalikuja mpaka mdomoni. Niliona boneti yangu, nikaona watu wale wote wenye mapanga na majembe, na nikaona kwamba hakuna anayeniuliza mimi.

Mwenyekiti alisema mambo yako wazi. Mifugo barabarani ni wajibu wa mwenye mifugo, kwa hiyo mwalimu akitaka gari lake litengenezwe, ana haki ya kudai. Akaniuliza nasemaje.

"Namsamehe," nilisema. "Ni bahati mbaya. Kila mtu abebe msalaba wake."

Watu walinipigia makofi, pale, kando ya ng'ombe aliyekuwa anachunwa. Mwanamke alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Walinikatia paja wakalifunga kwenye mfuko, na nilipokataa mwenyekiti alisema kukataa ni kumwongezea aibu. Nikalipokea.

Jioni ile gari lilivutwa hadi mjini, mimi nikafika nyumbani na nyama. Mke wangu alisikiliza habari nzima kama nilivyoamua kuisimulia. "Umegonga ng'ombe wake na bado amekupa paja?" alisema. "Mungu ambariki huyo mama." Tulilila lile paja siku nne. Nililila.

Sifa zikaanza. Mkuu wa shule alisimama mbele ya wanafunzi wote asubuhi akawaambia kuhusu mwalimu wao wa fizikia, ambaye angeweza kumtia matatizoni mama mjane, lakini alichagua kusamehe. Wanafunzi walipiga makofi. Nilisimama nikiangalia viatu vyangu. Madam alikuwa mstari wa walimu, watu wawili kutoka kwangu, na sikumsikia akipiga makofi. Wiki iliyofuata yule mwanamke alituma kuku kwa mkono wa mwanafunzi, amefungwa miguu kwa kitambaa, na ujumbe kwamba ni wa kumshukuru mwalimu.

Nilipoenda kulichukua gari gereji, fundi aliniuliza ilikuwaje breki zisishike, maana alikuwa amezikagua na hazikuwa na kasoro. Yeye nilimwambia. Nadhani nilimwambia kwa sababu hakumjua yule mwanamke. Aliacha spana yake.

"Ulikuwa unazima mteremkoni kubana mafuta?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, hili gari si la kabureta. Hili ni la nozeli. Ukiliacha kwenye gia ukatoa mguu kwenye mafuta, mteremkoni linajikatia mafuta lenyewe. Halinywi. Injini inazunguka, breki unazo, na halinywi." Alifuta mikono. "Hapo ulikuwa hubani kitu."

Nilirudi nyumbani nikiendesha kwa mwendo wa baiskeli.

Tukarudia safari zetu. Njia ilikuwa inapita shamba la yule mwanamke. Sikuwa najua mwanzoni kwamba ni lake, kisha nikamwona humo. Maksai mmoja hawezi kuvuta plau peke yake. Sehemu iliyokuwa imeshalimwa kabla ya siku ile ilikuwa nyeusi na mistari iliyonyooka, na baada ya hapo ikaanza kazi ya mkono. Alikuwa analima kwa jembe la mkono, yeye na binti yake mmoja mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, na kila asubuhi kipande kilichoongezeka kilikuwa kidogo kama uwanja wa nyumba. Majirani zake walikuwa wameshapanda.

Lakini hilo silo lililonivunja. Siku moja lori la mizigo lilikuwa mbele yetu. Nilimwona ameacha kulima, amesimama ameinamisha kichwa upande, kiganja nyuma ya sikio. Lori lilipopita akashusha mkono. Gari letu lilipokaribia akarudia vilevile, kichwa upande, kiganja nyuma ya sikio, na alipotusikia alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu. Alikuwa anajipima. Kila gari lililopita pale alikuwa anasimamisha jembe ajue kama masikio yake bado yapo.

Kesho yake nilipita njia nyingine. Ipo njia ya kuzunguka, ndefu na mbovu, inayotokea upande wa pili wa shule. Mzee wa stoo hakugundua, alikuwa amelala. Madam aligundua lakini hakusema. Nilipita huko wiki nzima, kisha ya pili. Mshale wa mafuta ulishuka kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na mimi, bingwa wa kubana mafuta, nilikuwa nasimama sheli mara mbili kwa wiki.

Jioni moja tukiwa tumebaki wawili garini, mzee ameshashuka kwake, Madam alisema, "Leo mchango wangu wa mafuta sitoi."

"Kwa nini?"

"Siwezi kulipia safari ya kumkimbia mama wa watu. Kimbia kwa pesa yako."

Nilisimamisha gari pembeni. Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele ya mwenyekiti, kama alijua.

"Nilisubiri useme wewe," alijibu. "Kisha siku zikapita, nikaogopa. Nikisema, nitapanda na nani kuja kazini? Basi linanifikisha vipindi viwili vimeshapita." Alijifuta macho kwa kiganja. "Kwa hiyo usidhani mimi ni bora kuliko wewe. Ila mimi silali vizuri. Wewe unalala?"

Jumamosi nilienda. Nilimwambia mke wangu kwanza, asubuhi kabla ya chai. Alisema tu, "Na ile nyama tuliila." Akaondoka mezani.

Nilimkuta mwanamke yule nyumbani kwake akitandaza mchembe juani, vipande vya viazi vilivyokauka, juu ya mwamba mpana nyuma ya nyumba. Alisimama haraka akajifunga kanga vizuri.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma, habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, baba. Karibu, mwalimu wetu." Akamwita binti yake alete kigoda.

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitapewa kitu cha kunywa, na nikinywa nitashindwa.

"Mayu, siku ile masikio yako hayakuwa na kosa," nilisema. "Gari halikuwa linanguruma. Nilikuwa nimelizima."

Hakuelewa. "Lilikuwa limeharibika?"

"Hapana. Nililizima mwenyewe kwa ufunguo juu ya mteremko, likawa linashuka lenyewe bila sauti. Ndiyo maana hukulisikia. Na ndiyo maana breki hazikushika."

Binti yake alikuwa amefika na kigoda. Alisimama nacho mkononi.

"Ulizima kwa nini?" mama aliuliza.

"Kubana mafuta. Bei imepanda."

"Mafuta kiasi gani?"

Nilitaka kusema ukweli wa fundi, kwamba hata tone. Sikuweza. "Labda kikombe," nilisema. "Kikombe cha chai."

"Kikombe," alisema. Aliangalia mchembe wake juu ya mwamba, akageuza kipande kimoja kilichokuwa kimeshageuzwa. Kisha akauliza, taratibu, "Kwa hiyo mimi nasikia?"

"Unasikia, mayu. Umesikia siku zote."

Alikaa chini juu ya mwamba na kufunika uso kwa kanga. Binti yake ndiye aliyeniambia yaliyobaki, na aliniambia kwa hasira bila kupunguza neno. Baada ya ajali ile, kaka wa marehemu baba yake alikuja kutoka Bukundi, kule Meatu. Ng'ombe wa nyumba ile ni wa ukoo. Alisema shemeji yake amezeeka, hasikii, ameua ng'ombe wa marehemu kwa uzembe, na kama si huruma ya mwalimu wangelipa na gari. Akamchukua maksai aliyebaki na ng'ombe watatu wa maziwa akaondoka nao. Zizi lilikuwa tupu. Nilikuwa nimelipita nilipoingia na sikuliangalia.

"Sisi tumekuletea kuku," binti alisema. "Mama alisema tukuletee yule mkubwa."

Nilimwambia mama nitanunua maksai. Alifunua uso.

"Maksai baadaye," alisema. "Siku ile ulinisamehe mbele za watu. Nenda ukauondoe msamaha wako palepale ulipouweka. Kisha unipeleke Bukundi, ukaseme kwa shemeji yangu."

Hakuniita baba wala mwalimu.

Mwenyekiti alinisikiliza palepale kando ya barabara, akiwa amesimama. Aliwaita watu waliokuwa karibu, kumi na wawili hivi, nikarudia mbele yao. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliuliza gari linawezaje kutembea limezimwa, nikamweleza, akasema, "Kumbe." Mwenyekiti alisema tu kwamba angependa nisiwafundishe watoto wake. Kisha akaongeza kwamba hana la kufanya, kwa kuwa shule ni moja.

Siku ya pili, baada ya ibada, nilijaza tenki tukaenda Bukundi, mama nyuma na binti yake, kiti cha mbele wazi. Safari ilichukua saa nyingi. Hatukuzungumza, ila mara moja aliniomba nisimame ajisaidie, na mara nyingine akaniomba nipunguze mwendo kwa sababu mbele kulikuwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa sijawaona. Yeye alikuwa amesikia kengele.

Shemeji yake alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mji mkubwa na mazizi mawili. Tulimkuta akimfunga ng'ombe jeraha. Tulisalimiana kwa utaratibu wote, habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, mpaka nikatamani zisiishe. Kisha mama akasema, "Huyu ndiye mwalimu. Ana neno."

Nililisema kwa Kisukuma, ili kusiwe na mahali pa kujificha. Alinisikiliza akiendelea kufunga jeraha. Alipomaliza aliosha mikono.

"Nyama ulikula?" aliniuliza.

"Nilikula."

"Ilikuwa nzuri?"

 Hakungoja jibu. Alimgeukia shemeji yake, na ilionekana neno analotafuta ni gumu kwake kuliko kufunga jeraha. "Nilisema huna masikio," alisema. "Nilisema hivyo hata mbele ya wanangu. Nitawaita."

Aliwaita, watu wazima watatu na wake zao, akawaambia mbele yake kwamba mama yao mdogo hakukosea, na ng'ombe wa maziwa watarudi kwake. Nilifikiri mambo yameisha vizuri. Kisha mama akauliza kuhusu maksai.

"Hayupo," shemeji alisema. "Nilimpeleka mnadani. Maksai mmoja ni wa nini?"

Mama aligeuka akaangalia mazizi. Alikuwa amemlea yule tangu ndama, binti yake aliniambia baadaye, na maksai huyo alikuwa akiitika jina lake.

Ng'ombe watatu wa maziwa walirudi kabla mwezi haujaisha. Nilimweleza mkuu wa shule ukweli, nikamwomba niseme mbele ya wanafunzi. Alikataa, akisema itaharibu heshima ya walimu. Ningeweza kusema bila ruhusa yake. Sikusema. Kidato cha tatu kile kimeshamaliza shule na kutawanyika, na wapo watu wazima sasa, Lamadi, Mwanza na kwingineko, wanaojua kwamba mwalimu wao alikuwa mtu wa kusamehe.

Maksai wawili waliokwishazoea nira sikuwapata kwa uwezo wangu, maana wakati wa kulima hakuna anayewauza. Niliowapata mnadani ni madume wawili wachanga. Niliwapeleka nikitembea nao kwa miguu kutoka mnadani, mimi na mtu niliyemkodi, siku nzima. Mama alitoka, akawakagua kwato na meno, akamzunguka mmoja, akamzunguka wa pili.

"Hawa watajua nira baada ya misimu miwili," alisema.

"Najua, mayu."

"Mwaka huu umeshapita."

"Najua."

Nyuma yake shamba lilikuwa linaonekana, nusu mahindi na nusu majani marefu. Alizichukua kamba mkononi mwangu, akaenda kuwafunga zizini, na binti yake akatangulia kufungua mlango. Sikukaribishwa ndani, nikasubiri kidogo, kisha nikaanza kutembea kurudi.